Fumbo la miraba halimtaki mwenye kamusi kichwani

Barazani Mji wa Kale, Mombasa, kahawa tungu mkononi, nasikia sana: "Yale mafumbo ya miraba ya Waingereza ni ya waliomeza kamusi." Ni yale ya kujaza majibu herufi kwa herufi kwenye miraba, kwa vidokezo vya kufumba (cryptic crossword). Si kweli. Maneno yenyewe mara nyingi ni ya kawaida. Kinachofichwa ni njia.

Kidokezo kwa kawaida kina sehemu mbili: maana ya jibu, ambayo karibu kila mara hukaa mwanzoni au mwishoni, na mchezo wa herufi. Tujaribu kwa lugha yetu: "Kata simu, ndani kuna samaki", herufi nne. Ukiwaza simu, umepotea. Soma herufi zilizopangana: ka-TASI-mu. Tasi! Au "Keti, mwenda upande", herufi tatu: kaa. Hapo maana ni mbili, kila upande moja.

Mimi hunogewa zaidi na yenye mada. Umepata tasi, kisha changu, kisha nguru. Ghafla unaona jedwali zima ni soko la samaki, na majibu yaliyobaki unayanusa tu.

Mombasa ndiyo ya Muyaka bin Haji, mshairi bingwa wa kufumba. Tangu utotoni tumezoea mafumbo na kinyume, ule mchezo wa kugeuza silabi za maneno, halafu eti tunaogopa miraba?