Vipele Sehemu za Siri Kila Unapokaribia Hedhi: Maswali na Majibu

Haya ni maswali ambayo wanawake wa Mtwara huyauliza mwisho kabisa, wakishamaliza kueleza homa ya mtoto. Yanastahili kuulizwa mwanzo.

Siku tatu nne kabla ya kuingia mwezini natokwa na vipele kinenani na kwenye mashavu ya uke. Hedhi ikiisha, navyo vinaisha. Ni kawaida?

Hutokea, tena kwa sababu zinazoeleweka. Yai likishapevuka, homoni ya projesteroni hupanda. Siku chache kabla ya damu kutoka, hiyo na mwenzake estrojeni hushuka kwa pamoja. Ngozi huathirika na mabadiliko hayo, ndiyo maana wapo wanaotoka chunusi usoni siku hizohizo. Huko chini kuna na mengine: joto letu la pwani, jasho, pedi iliyokaa muda mrefu, nguo ya ndani inayobana.

Lakini usiishie hapo. Kipele kufuata hedhi hakutuambii ni kipele gani. Magonjwa yasiyohusiana kabisa yana tabia hiyohiyo ya kuamka wakati huo.

Sasa nitavitofautishaje?

Anza na wembe. Dada wengi hunyoa wanapojiandaa na hedhi au wanapojitoharisha ikiisha, kwa hiyo kunyoa na hedhi hufuatana kila mwezi, na lawama huangukia hedhi peke yake. Kipele cha kunyoa hukaa kwenye shina la unywele. Mara nyingine unauona unywele umejikunja ndani, au kichwa kidogo cha usaha. Acha wembe miezi miwili, punguza kwa mkasi, uone. Vipele vikikoma, umeshapata jibu.

Majipu yanayoingia ndani, yanayouma, yanayorudi palepale kinenani au kwapani na kuacha makovu, ni jambo jingine. Huenda ni hidradenaitisi, ugonjwa wa ngozi ambao kwa wanawake wengi huchachamaa karibu na hedhi. Hautokani na uchafu, na hauambukizi. Nasisitiza hilo kwa sababu wanaougua huoga mara nne kwa siku, hujisugua mpaka wakachubuka, na bado huonekana hawajitunzi. Unahitaji daktari, na matibabu yake ni ya muda mrefu.

Malengelenge ya sehemu za siri, ugonjwa wa virusi uitwao pia herpes, ni vipele vidogo vyenye maji, vimekusanyika pamoja. Hupasuka na kuacha vidonda vinavyouma, hasa ukikojoa. Kabla havijatoka, watu wengi huhisi mwasho au kuchomachoma pale vitakapotokea. Virusi vyake hujificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yote, na kwa baadhi ya wanawake huamka na hedhi.

Kidonda kimoja kigumu kisichouma kinaweza kuwa kaswende. Hiki hakifuati hedhi. Hupona chenyewe baada ya wiki chache na ugonjwa ukabaki mwilini, kwa hiyo pima damu hata kama kimepotea. Masundosundo, yaani vinyama vinavyoota sehemu za siri, nayo hayaji na kuondoka na mwezi. Uvimbe wa upande mmoja kwenye mlango wa uke mara nyingi ni tezi iliyoziba. Na vile vidoa vidogo vya rangi ya maziwa ambavyo umekuwa navyo siku zote, haviumi wala haviwashi, ni maumbile yako tu.

Nikiambiwa ni malengelenge, ina maana mume wangu ametoka nje?

Hapana, haithibitishi hivyo. Virusi hivi vinaweza kukaa miaka bila dalili, kwako au kwake, tangu kabla hamjajuana. Vingine hutoka mdomoni mwa mtu mwenye vidonda vya homa. Pimeni VVU wote wawili, na msikutane kimwili vidonda vikiwepo. Kondomu hupunguza hatari lakini haifuniki ngozi yote.

Nipake nini?

Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha kausha kwa kupapasa. Usikamue. Usipake dawa ya meno, na usipake mafuta ya maganda ya korosho, ambayo wengine huyatumia kuchoma vinyama mwilini. Mafuta yale huunguza ngozi ya mkono, sembuse ya huko. Na mama unayebangua korosho, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kubadili pedi. Mafuta yaliyobaki vidoleni yanatosha kukutoa malengelenge ya kuungua.

Anayetumia vitambaa avisuuze mpaka povu liishe. Najua maji ni shida kwenye vijiji vya uwanda wa Makonde, ila sabuni iliyobaki kitambaani huwasha. Kisha vianikwe juani, si chini ya godoro. Ukiona aibu, tandika kanga nyepesi juu yake.

Nisubiri hedhi iishe ndiyo niende hospitali?

Usisubiri. Hapa ndipo wengi hukosa tiba mwezi baada ya mwezi: wanangoja wawe safi, wanafika zahanati ngozi imeshatulia, muuguzi hana cha kuona. Kwa ugonjwa wa ngozi, macho ya mtoa huduma ndiyo kipimo cha kwanza. Nenda siku vipele vipo, hata ukiwa na damu. Omba kuonwa na muuguzi wa kike ukipenda. Andika kwenye kalenda siku hedhi ilipoanza, siku vipele vilipotoka, na siku uliyonyoa.

Kwa malengelenge, kuwahi kuna faida nyingine: dawa yake, asaiklovia, husaidia zaidi ikianzwa ndani ya siku moja tangu dalili kuanza. Anayerudiwa kila mwezi amweleze daktari hivyo, kwani ipo njia ya kumeza dawa kila siku ili kuyazuia.

Homa, uvimbe unaokua haraka, mitoki inayouma au mkojo kushindwa kutoka, nenda leo.

Nina mimba, na niliwahi kuwa na malengelenge. Nimwambie mkunga?

Mwambie kliniki, na umkumbushe tena uchungu ukianza. Vidonda vikiwepo siku hiyo, mtoto anaweza kuambukizwa anapopita, na maambukizi hayo kwa kichanga ni ya hatari. Daktari huamua kama utajifungua kwa upasuaji. Visipokuwepo, wengi hujifungua kwa njia ya kawaida.