Mashindano ya utafiti wa majengo ya kale: mwanafunzi anashindania nini?

Mwanafunzi, au kikundi cha wanafunzi wakisimamiwa na mwalimu wao, huchagua jengo la kale, wakalichunguza wenyewe, kisha wakapeleka walichokipata kwa majaji wenye ujuzi wa fani hiyo. Hayo ndiyo mashindano ya utafiti katika uhifadhi wa majengo ya kihistoria. Kinachopelekwa kinaweza kuwa ripoti ya historia ya jengo, michoro ya vipimo, au vyote viwili pamoja. Majaji hawatafuti msifiaji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wasifiaji tunao wa kutosha. Katika kila sentensi na kila mstari wa mchoro wanauliza jambo moja: umejuaje?

Kwa swali hilo shindano hili linaachana na shindano la insha tulilolizoea maskulini. Ukiandika kwamba nyumba fulani ya mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe, ni ya karne ya 19, hujasema kitu mpaka uonyeshe ushahidi. Pengine umeona hati ya wakfu yenye tarehe, au picha ya zamani iliyopigwa kutoka baharini, au ramani iliyomo katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Pengine ukuta wenyewe umekueleza, kwa sababu mlango umezibwa na dirisha likawekwa juu yake. Ushahidi ukiwa haba, mtafiti hodari husema ni haba, na majaji humpa alama kwa uaminifu huo.

Shindano linalojulikana sana la aina hii lipo Marekani, nalo ni Charles E. Peterson Prize. Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Peterson, mwenyewe msanifu majengo, alipendekeza wasanifu majengo waliokosa kazi waajiriwe kupima na kuchora majengo ya kihistoria ya nchi hiyo. Mpango huo, unaoitwa HABS (kifupi cha Historic American Buildings Survey), ungalipo hadi leo, na tuzo yenye jina lake hupewa wanafunzi waliotoa seti bora ya michoro ya vipimo. Kanuni yake moja naipenda kupita zote: jengo liwe ambalo mpango huo haujalichora, au kazi mpya iongeze kitu kwenye rekodi iliyopo. Michoro hiyo huingia katika mkusanyiko unaohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua. Kwa hiyo hata asiyeshinda anakuwa ameliachia jengo kumbukumbu.

Kupima ndiko kwenye elimu kubwa. Nyumba ya Mji Mkongwe ina kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, na ni nadra kukuta pembe iliyonyooka sawasawa. Ukipima urefu na upana tu, ukachora mstatili, umechora nyumba ambayo haipo. Lazima uvute utepe kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, ushushe timazi, ile kamba yenye uzito nchani, kujua ukuta umeinama kiasi gani, upime unene wake kwenye kila mlango, na kila tarakimu uiandike palepale kwenye daftari. Watu watatu wanafaa: wawili washike utepe, wa tatu aandike. Daftari lile la uwandani lisitupwe, maana ndilo linalothibitisha kwamba mchoro haukubuniwa.

Ukipima hivyo, jengo huanza kujieleza. Utaona vyumba vingi ni virefu na vyembamba, na sababu iko juu ya kichwa chako: dari imebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Utaona pia boriti zinaoza hasa kwenye ncha zilizoingia ukutani, pale maji ya paa linalovuja yanapojikusanya. Hapo swali la utafiti limekwishazaliwa. Jingine ni la plasta ya saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unahitaji kupumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani na kuula polepole. Mwanafunzi anaweza kulinganisha nyumba mbili za mtaa mmoja, moja imepigwa chokaa na nyingine saruji, akaonyesha tofauti kwa picha na vipimo.

Kuna na suala la tabaka za wakati. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, lakini sehemu kubwa ya jengo tunaloliona ilijengwa upya karne ya 18. Anayesema "msikiti huu ni wa 1107" akaishia hapo, ameacha nusu ya habari. Na mapokeo ya wazee? Ni ushahidi pia, ila yaandikwe kama mapokeo. Kule Pujini, Pemba, watu husimulia ukali wa Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa huko. Ngome yake, wanaakiolojia wanaihesabu kuwa ya karne ya 15 hivi. Mtafiti huweka simulizi na matokeo ya uchimbaji sambamba, msomaji aone kila kimoja kimetoka wapi.

Nyumba hizi zina wenyewe, na wanaishi humo. Hupandi ghorofani kabla hujapiga hodi, ukaeleza shida yako na kupewa ruhusa, na picha za ndani hazipigwi ovyo. Mara nyingi bi mkubwa wa nyumba anajua ngazi ya zamani ilikuwa wapi na jiko lilihamishwa lini, kuliko karatasi yoyote. Jina lake lisitajwe bila idhini yake.

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu la Mji Mkongwe, iliporomoka wakati ikifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Ukuta ukishaanguka, anayetaka kuusimamisha upya hana budi kutegemea vipimo, michoro na picha za kabla. Jengo kubwa kama lile, lililojengwa 1883 kwa amri ya Sultan Barghash, limepigwa picha nyingi. Nyumba ya kawaida ya mitaa ya Malindi au Kiponda, isiyotajwa na mwongoza watalii yeyote, inaweza kuanguka na isiwe na hata mchoro mmoja.

Kwa hiyo anayetaka kujifunza kazi hii asianze na Ngome Kongwe. Achague nyumba ndogo isiyo na mchoro, aulize Kamisheni ya Wakfu kama ni mali ya wakfu, afike Mamlaka ya Mji Mkongwe kuuliza kumbukumbu zake, halafu akanunue utepe mrefu na daftari lenye jalada gumu.