Kuhamia kijijini Java ukalime mpunga: watu wanavyoamini na ilivyo kweli

Zile video za majaruba ya kijani na mlima unafuka moshi kwa nyuma zimewaponza wengi, ikipostiwa moja tu utakuta watu chini wanaulizana ekari shingapi, mara mwingine kashauza kiwanja chake kichwani anahamia Indonesia. Kuota ruksa, ila mengi yanayosemwa kuhusu vijiji vya Java, kile kisiwa cha Indonesia chenye Jakarta, hayako hivyo.

"Ardhi ipo kibao, bei chee"

Kibao ya wapi. Java ina kilomita za mraba kama 129,000 hivi, yani chukua Tanzania igawe mara saba ndo upate kipande kama hicho, halafu humo ndani sensa ya 2020 ilikuta watu milioni 151.6. Mkulima wa kule mara nyingi ana chini ya nusu hekta, tena wengine hata hiyo nusu imekatikakatika, jaruba moja huku lingine kule ng'ambo ya mfereji. Sensa ya kilimo ya 2023 ilikuta kaya za wakulima wenye chini ya nusu hekta karibu milioni 17 nchi nzima na nyingi ziko Java. Na kuna ambao hawana hata hicho, wanalima la mtu kwa kugawana mavuno, nusu kwa nusu, au mwenye shamba akigharamia mbegu na mbolea basi anayelima anaondoka na theluthi. Mtu wa hivyo hauzi shamba kwa raha, anauza kwa shida, ugonjwa, deni, harusi, na anaanza kumwambia ndugu au jirani, sasa mpaka habari imfikie mgeni ujue imepita midomo mingapi na kila mdomo una cha juu chake.

"Ukiwa na hela unanunua tu, ikishindikana unaandika jina la mwenyeji"

Hapa ndo pesa za watu zinapozama kwa hiyo nitakaa kidogo. Sheria ya ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, inasema umiliki kamili, wenyewe wanauita Hak Milik, ni wa raia, nukta. Mgeni mwenye kibali cha kuishi anaweza kupata haki ya kutumia, Hak Pakai, kwa nyumba ya kukaa, miaka 30, inaongezwa 20, halafu inahuishwa 30 tena. Si haba, lakini hiyo ni nyumba, sio jaruba la mpunga.

Sasa ule ujanja wa kumpa hela rafiki anunue kwa jina lake mkaandikishana pembeni. Kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo kilishauona zamani, kinasema mauziano ya kumpitishia mgeni ardhi kwa mlango wa nyuma ni batili, ardhi inaangukia serikalini na hela iliyolipwa haidaiwi. Soma tena hapo mwisho, HAIDAIWI. Kwa hiyo huyo rafiki akikugeuka huna pa kwenda kushtaki, maana ukienda unaenda kujishtaki mwenyewe. Na kuna watu mpaka leo wanawauzia wageni huo mpango kama vile ni huduma.

Ukioa au kuolewa huko pia usidhani umemaliza. Mali ya ndoa ni ya wote wawili, sasa kwa vile wewe mgeni hutakiwi kuwa na Hak Milik, mwenzio raia naye alikuwa anakwama kununua ardhi kama hamkuandika mkataba wa kutenganisha mali kabla ya ndoa. Mahakama ya Katiba ililegeza mwaka 2016, mkataba unaweza kuandikwa hata mkiwa mmeshaoana, kwa hiyo wahini kwa mthibitishaji wa mikataba. Na mwenzio akitangulia mbele ya haki ukarithi, una mwaka mmoja tu uiachie hiyo haki kwa mtu anayeruhusiwa kuwa nayo.

Tena hata Mwindonesia mwenyewe anabanwa. Kuna kanuni ya 1961 inayokataza kumiliki shamba ukiwa unaishi mbali nalo, mwenye shamba anatakiwa awe mkazi wa tarafa hiyo au ya jirani. Watu wa Jakarta wanaikwepa kwa vitambulisho vya kijijini, sawa, ila wao wana shangazi kule, wewe unaye nani?

"Mzee wa kijiji kashanionyesha karatasi"

Karatasi gani kwanza. Mashamba mengi ya vijijini yaliishi miaka na miaka kwa daftari la kodi la kijiji tu, na karatasi ya daftari lile sio hati. Serikali ilianza mwaka 2017 kupima na kutoa hati kijiji kwa kijiji, kazi kubwa kweli imefanyika. Halafu kuna mashamba ya kijiji ambayo viongozi wanapewa walime badala ya mshahara au juu ya mshahara, akitoka madarakani linarudi. Sio lake, hata akikuonyesha kwa mkono mpana namna gani.

"Wakiuza wanatajirika"

Kuna kijiji kinaitwa Sumurgeneng, huko Tuban, Java Mashariki, mwanzoni mwa 2021 kilivuma dunia nzima. Wanakijiji walilipwa fidia ya mashamba kupisha kiwanda cha kusafisha mafuta, wakashusha magari mapya zaidi ya 100, video ya malori yaliyobeba magari inaingia kijijini kila mtu aliiona. Sehemu ya pili haikusambaa sana. Mwaka uliofuata baadhi yao waliandamana wanadai ajira, wengine wanasema wanauza ng'ombe ili wale, maana shamba lililokuwa linawalisha kila msimu halipo tena. Mi siwacheki, nani alimfundisha mkulima kukaa na mabilioni ya rupia, hela ya kule.

"Waislamu wale, mabinti hawarithi"

Wanarithi. Ukoo wa Kijava unahesabiwa kwa baba na kwa mama, wapo wanaogawa mbili kwa moja, wa kiume mbili wa kike moja, na wapo wanaogawa sawa kwa sawa, na wazazi wengi wanagawa wakiwa hai kabisa kuepusha ugomvi. Ndo sababu nyingine vipande vinazidi kuwa vidogo.

"Hawajawahi kutoka hata nje ya kijiji"

Hii inanichekesha zaidi. Wajava walipelekwa Suriname, Amerika ya Kusini, kulima mashamba ya Waholanzi kuanzia 1890, na wajukuu wao wako huko mpaka leo. Walihamishiwa Lampung kule Sumatra kuanzia 1905. Siku hizi nenda Ponorogo au Blitar, utaona ghorofa yenye nguzo za mbwembwe katikati ya mpunga, ukiuliza utaambiwa mama mwenye nyumba yuko Hong Kong au Taiwan, dada wa kazi, baba na bibi ndo wanalea watoto. Vijana wanasoma Kijapani wakafanye kazi viwandani Japani. Shambani wamebaki wenye miaka 40 na kuendelea.

Safari inayowashinda ni ya Makka. Unaweka amana ya rupia milioni 25 kupata nafasi kwenye foleni, halafu unasubiri zaidi ya miaka 20, kwa hiyo anayejiandikisha na mvi anajua hesabu yake, wengi wanaamua kwenda umra.

Na biashara nayo, usidhani ni mpunga tu. Karafuu ya Zanzibar kwa miaka mingi ilikuwa inaishia Java kwenye viwanda vya sigara za karafuu, mpaka Indonesia ikapanda ya kwake ikajitosheleza na wakulima wa Unguja na Pemba wakaipata habari kwenye bei.

"Kijijini maisha bure"

Chakula rahisi kweli, ila michango! Harusi, tohara, mazishi, mtoto kazaliwa, bahasha kila wiki, na familia nyingi zinaandika nani katoa ngapi ili zirudishe vilevile. Juu yake kuna upatu wa mtaa, zamu za ulinzi wa usiku, kazi ya kusafisha mfereji. Mgeni akilala zaidi ya masaa 24 anaripotiwa kwa kiongozi wa nyumba za jirani, utaratibu ulioanza enzi Wajapani wanaitawala Indonesia, sisi tungemwita balozi wa nyumba kumi.

"Naingia kwa viza ya utalii, mengine nitajua hukohuko"

Ile ya kuchukua uwanja wa ndege ni rupia 500,000, siku 30, unaongeza mara moja tu, na angalia kwanza kama pasi yako iko kwenye orodha. Ukipitiliza ni rupia milioni moja kwa kila siku, zikizidi 60 unarudishwa kwenu na kufungiwa kuingia. Na wiki ya Idi usisafiri kabisa, watu zaidi ya milioni 100 wanarudi makwao, tiketi za treni hakuna, barabara kuu ya Jakarta mpaka Surabaya inageuka maegesho. Fika kijijini wiki moja kabla au subiri ipite.