Uso kwa kibla, mgongo kwa kusi

Mteja akiniuliza paneli zake za sola zielekee wapi, humwambia: simama kama unavyosimama kusali. Hapa Unguja na Pemba, Makka iko kaskazini karibu sawasawa, tofauti haifiki digrii 2, na paneli nazo zinataka kaskazini. Tuko kusini ya ikweta, Pemba kiasi cha digrii 5 na Unguja 6. Siku za mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri linakaa utosini. Ukisimama uwanjani kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Juni linakwenda kaskazini hadi digrii 29 kutoka utosini. Disemba linahamia kusini, lakini digrii 17 tu. Kwa hiyo paneli iliyoinama kidogo upande wa kaskazini inalipata jua la mwaka mzima, na dira huihitaji: tazama mihrabu ya msikiti wa kijijini imeelekea wapi.

Hilo la jua ndilo jepesi. Jua letu ni karimu, hata aliyefunga ovyo atapata umeme miezi ya mwanzo. Kinachoua mitambo ya sola visiwani ni upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini, na chumvi ya bahari, na ndiyo maana mimi humshauri mteja mwenye kiwanja paneli zikae chini, kwenye fremu yake ardhini. Paa la makuti halibebi paneli. Bati la pwani tayari linaliwa na kutu, ukilitoboa matundu ya bolti unaikaribisha mvua chumbani. Na zaidi ya yote, kilicho juu ya paa hakiguswi. Hakioshwi, nati zake hazikazwi, wala hapandi mtu kukitazama mpaka taa zizime. Paneli ya chini unaifikia kwa mkono wako.

Mwinamo naweka digrii 10. Kwa jua peke yake 6 zingetosha, lakini paneli iliyolala sana maji hayateremki vizuri, na uchafu unaganda kwenye ukingo wa chini. Paneli ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28, ncha ya nyuma ikiwa juu kuliko ya mbele kwa sentimita 40, umezipata digrii 10 kwa futi na pimamaji tu.

Sasa tazama ulichofanya. Uso umeupa kibla, na mgongo ulioinuka umeupa kusi. Kuanzia Juni upepo ule unakuja moja kwa moja kutoka baharini, unaingia chini ya paneli, unanyanyua.

Mtambo wa mwanzo niliofunga peke yangu ulikuwa Jambiani, kisiwani Unguja, mwezi wa Februari. Nguzo nilizichimbia sentimita 30, nikamimina zege la ndoo moja moja, nikaona zimesimama imara. Julai, asubuhi moja, mwenye nyumba akanipigia: "Fundi, njoo, paneli zimesimama wima." Nilikuta miguu ya nyuma imeng'oka na vipande vyake vya zege vinaning'inia kama mizizi ya muhogo. Paneli moja kioo chake chote kilikuwa kimepasuka vipande vidogo vidogo, vingine viko mchangani. Nikailipa mwenyewe, na siku hiyo ndipo nilipokaa kupiga hesabu ambayo ilinipasa niipige kabla.

Hesabu yenyewe hii hapa. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 25. Paneli 4 za wati 550 zina eneo la mita za mraba 10 na kidogo. Basi ni nguvu ya kilo 250 inayonyanyua, na paneli zote 4 zina uzito wa kilo 110 hivi. Kinachobaki ni cha zege kubeba, na upepo wa ghafla unaweza kuzidi huo. Siku hizi naweka miguu 6, kila mguu kwenye shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 60. Zege la shimo moja lina uzito unaopita kilo 200. Wapo wanaoniambia namaliza saruji yao. Nawajibu kwamba saruji ni rahisi kuliko paneli, tena mchanga wake usiwe wa ufukweni, kwa sababu chumvi iliyomo inaila nondo ndani ya zege na nguzo inaoza usiione.

Uwandani, kwenye ardhi ya jiwe, ni kazi nyingine. Makunduchi ya Unguja au Micheweni ya Pemba unapiga mtaimbo, jiwe linalia, baada ya nusu saa umepata shimo la kukaa bakuli. Usijilazimishe kina. Toboa jiwe, ingiza nondo, zikamatishe kwa saruji, kisha jenga juu yake zege pana. Unachotafuta ni uzito na kushikana na mwamba, na mwamba tayari unao.

Chumvi haina haraka kama upepo, na nadhani ndiyo mbaya zaidi. Mwaka mmoja niliitwa Micheweni na bibi anayeuza barafu za ubuyu. Friji yake inaendeshwa na paneli mbili. Nikamwamkia, akaitikia, akanieleza: "Mwanangu, barafu hazigandi, na taa zinakufa kabla ya isha. Nimeambiwa betri imekufa." Sikuanza na betri. Nilipima volti kwenye paneli, zipo. Nikapima kwenye kontrola, kile kisanduku kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, zinakuja na kupotea. Nikaufuata waya kwa mkono, sentimita kwa sentimita, mpaka nikafika kwenye kiungo kilichofungwa kwa tepu nyeusi na kuachwa kulala chini kwenye nyasi. Nilipoifungua tepu ulimwagika unga wa kijani. Shaba ilikuwa imeliwa, zimebaki nyuzi tatu zinazopitisha umeme wote wa friji, na plastiki ya pembeni imeungua. Betri ilikuwa nzima. Bibi alikuwa ameshauza mbuzi ili anunue nyingine.

Tangu hapo kiungo cha waya nje sikubali kifungwe kwa tepu. Ni konekta za MC4, viungio vya waya vya sola, zilizobanwa kwa koleo lake maalumu, zikaning'inizwa chini ya paneli, mbali na ardhi na mbali na mvua. Fremu iwe ya alumini au ya chuma kilichochovywa kwenye zinki. Chuma cha kupaka rangi, pwani, hakikai. Bolti ziwe za stenlesi, na ukipata za daraja la 316 usichukue 304. Tena alumini isigusane na chuma kitupu. Metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi zinakuwa kama betri ndogo, na aliye dhaifu, yaani alumini, analiwa. Washa ya plastiki au kipande cha mpira katikati kinatosha.

Paneli kukaa chini kuna gharama yake: waya mrefu. Tuseme fremu iko mita 20 kutoka nyumbani, kwenda na kurudi ni 40, na waya ni wa milimita za mraba 6. Paneli 4, kila moja volti 42 na ampea 13. Ukiziunga sambamba unapata ampea 52, na waya unakula kiasi cha wati 350 kati ya 2,200. Ukiziunga kwa mfululizo, ampea zinabaki 13, waya unakula wati 22 tu. Ampea zikizidi mara 4, upotevu unazidi mara 16. Ila soma kwanza kibandiko cha kontrola, kwa sababu mfululizo huo bila mzigo unafika volti 200, na si kila kontrola inazihimili. Volti 200 za DC, umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, zinaua. Cheche yake ikishaanza haikatiki kirahisi, kwa hiyo breka iwe ya DC hasa, na konekta usiichomoe umeme ukiwa unapita. Zima kwanza. Waya upite ndani ya bomba, maana panya buku hawachagui.

Kuosha: alfajiri au jua likishatua, kwa maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, na sifongo laini. Usioshe adhuhuri, kioo cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha madoa meupe, na sabuni ya unga inakwaruza. Msimu wa kusi, nyumba ya ufukweni ioshe kila wiki. Masika mvua inakufanyia kazi hiyo, isipokuwa mavi ya kunguru. Hayo yanaganda kama saruji, yaloweshe kwanza. Doa moja la kunguru si jambo dogo, kwa sababu seli zimepangwa foleni, na iliyofunikwa inazuia wenzake na kupata moto. Usifunge chini ya mnazi hata ukiambiwa hauangushi.

Aprili, kabla kusi haijakaza, pita na spana kila nati. Fungua kisanduku cha inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani (umezima), utazame mjusi kafiri. Anapenda joto, analala juu ya saketi, na akifa yeye inveta inakufa naye. Betri za maji ziongezwe maji ya betri tu, na zikae ndani penye hewa, kwa sababu joto linazifupishia umri.

Na mtu mmoja nyumbani aandike. Kule Micheweni anaandika mjukuu, yuko skuli darasa la sita. Kila jioni anasoma kwenye kontrola uniti za siku na kuziweka daftarini. Zilikuwa 4, wakati mwingine 4 na kitu. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, akanipigia: "Ami, wiki nzima ni 3, na nimeosha." Nilipofika saa tisa alasiri nikaona mwenyewe. Mpapai ulioota nje ya ua ulikuwa umeinuka, na kivuli cha majani yake kimelala juu ya pembe ya paneli ya magharibi. Nikachukua panga. Bibi akanishika mkono: mpapai unazaa, haukatwi. Tukayapunguza majani ya upande ule tu, na sasa mjukuu anayapunguza kila Ijumaa akirudi msikitini.