Dar es Salaam: jina lilelile, mipaka tofauti

Wengi wakiulizwa jina la zamani la Dar es Salaam hujibu Mzizima. Jibu hilo linahitaji marekebisho kidogo. Mzizima kilikuwa kijiji cha Washomvi na Wazaramo, kwenye ufukwe unaotazama bahari kuu. Mji aliouanzisha Sultani Majid bin Said wa Zanzibar miaka ya 1860 ulijengwa pembeni yake, ndani ya ghuba, lilipo bado Boma la Kale, Barabara ya Sokoine. Kijiji hakikubadilishwa jina, kilimezwa na jirani. Siku hizi jina lake husikika zaidi Simba wakikutana na Azam, kwenye Dabi ya Mzizima.

Kuhusu jina ambalo Majid aliupa mji wake, kuna maelezo yanayorudiwa sana kwamba mwanzoni lilikuwa "Bandar-ul-Salaam", yaani bandari ya salama, kisha likafupishwa. Maelezo hayo yana kasoro. Kwa Kiarabu, "al" ikitangulia herufi sin, lamu (yaani "l" yake) haitamkwi, hivyo lingekuwa "Bandar as-Salaam". Tena "dar" si kifupi cha "bandar". Ni neno kamili lenye maana ya nyumba au makazi. Na "Dar as-Salaam" imo katika Kurani (6:127 na 10:25) ikitaja Pepo, msemo ambao sultani Mwislamu hakuhitaji kuufikia kwa kukata neno jingine.

Majid alifariki 1870 na mji ukadorora. Kampuni ya Wajerumani ilifungua kituo hapo 1887, na 1891 makao makuu ya koloni yakahamia huko kutoka Bagamoyo. Wajerumani hawakulibadilisha jina, wala Waingereza walioingia 1916. Kilichobadilika ni tahajia. Anayetafuta nyaraka ajaribu "Daressalam" kwa za Kijerumani, na "Dar-es-Salaam" yenye vistari kwa za Kiingereza za zamani. Akiandika kwa tahajia ya leo tu, mafaili mengi yatampita.

Utata mkubwa zaidi uko kwenye eneo ambalo jina linataja. Mji ulipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1961. Mwaka 2000 zikawepo manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, chini ya mwavuli wa Halmashauri ya Jiji. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Kisha Februari 2021 halmashauri ile ya mwavuli ikavunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam.

Kwa hiyo, kiutawala, mkazi wa Mbagala leo yuko Mkoa wa Dar es Salaam lakini hayuko Jiji la Dar es Salaam. Yuko Manispaa ya Temeke. Mitaani hakuna anayesema hivyo, na si lazima aseme. Kwenye takwimu ndiko kunakoharibika. Watu 5,383,728 wa sensa ya 2022 ni wa mkoa mzima, lakini utakuta mtu ameiandika idadi hiyo kuwa ya Jiji, halafu anaigawa kwa eneo la Ilala pekee. Msongamano anaoupata haupo.

Ukikuta "Jiji la Dar es Salaam" kwenye barua au ripoti, tazama tarehe kwanza. Ikiwa ni ya kabla ya Februari 2021, huenda inahusu halmashauri ya mwavuli. Ya baada ya hapo, kisheria ni Ilala ya zamani.