Maua ya Machi hayamaanishi joto Ulaya

Wasafiri wengi huamini kwamba majira ya kuchipua yakianza Ulaya, mwishoni mwa Machi, koti zito laweza kubaki nyumbani. Maua kweli yamechanua na jua lipo. Ila ardhi na bahari hupata joto polepole: Aprili, mchana wa London huwa kama nyuzi 15 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 6 hivi. Hata maji ya Mediterania bado ni baridi kwa aliyezoea kuogelea Mombasa. Sevilla, kusini mwa Hispania, ni habari nyingine. Huko mchana hupita nyuzi 20.

Kabla ya kufunga begi, tafuta wastani wa joto la mwezi huo katika mji uendako. Soma hasa kiwango cha chini, maana picha za matangazo hupigwa mchana.