Kujua Bila Kujali: Vikwazo vya Kisaikolojia katika Hifadhi ya Mazingira

Mwishoni mwa Oktoba 2022 wakazi wa Dar es Salaam waliingia katika mgawo mkali wa maji baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka. Maji yaliporejea, mjadala ulizimika, na ni wachache waliouliza kuhusu hali ya misitu ya Milima ya Uluguru, ambako vijito vingi vinavyoulisha mto huo huanzia. Hatuwezi kusema kwamba watu hawakuwa na elimu, kwa kuwa faida za misitu hufundishwa tangu shule ya msingi.

Akili ya binadamu hupima hatari kwa ukaribu wake. Mama anayenunua mkaa Mbagala anakabiliwa na bei ya gesi na watoto wanaosubiri chakula, ilhali mti ulikatwa mbali, na madhara yake yatawafikia baada ya miaka mingi watu asiowajua. Kumlaumu ni kukosea. Uzito wa jambo la leo humwelemea yeyote kati yetu.

Kizito zaidi, kwa maoni yangu, ni mazoea. Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly alieleza kwamba kila kizazi cha wanasayansi hukichukulia kiwango cha samaki kilichokuwapo walipoanza kazi kuwa ndicho cha kawaida, hivyo upungufu wa awali hausikitikiwi na mtu. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ulianza kukauka wakati wa kiangazi katika miaka ya 1990. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo anaona mchanga mkavu na kudhani ndivyo mto ulivyo. Ushuhuda wa wazee wa maeneo hayo basi unastahili kurekodiwa na kufikishwa shuleni, kwa sababu vipimo vya kitaalamu peke yake havimpi kijana huyo kumbukumbu ya kulinganishia.

Kuna pia kutegeana, yaani kila mmoja kuona kwamba juhudi zake hazina maana ikiwa wengine wanaharibu. Hapa sisi watoa elimu tunachangia tatizo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Petrified Forest huko Arizona, Marekani, Robert Cialdini na wenzake walijaribu mabango tofauti. Bango lililolalamika kwamba wageni wengi waliotangulia waliondoka na vipande vya miti iliyogeuka mawe lilifuatiwa na wizi wa karibu vipande 8 kati ya kila 100 vilivyotiwa alama. Lililowaomba tu wageni wasichukue, chini ya 2. Kutangaza kwamba kila mtu anakata miti, kumbe, ni kumwarifu msikilizaji kwamba kukata ndiyo desturi. Kamati ya mazingira ya kijiji ingefanya vyema zaidi kusoma mkutanoni idadi ya kaya ambazo tayari zimepanda miti na kuitunza, na kueleza miche inapatikana wapi.